Plau ya Kununua, Ng'ombe wa Kukodi

Mtu akiniuliza kama anayeanza kulima anunue vifaa au akodi, huwa namuuliza kwanza ana haraka kiasi gani. Mimi nilikuwa na haraka. Nilikodi na kununua ndani ya wiki moja, na yote mawili niliyafanya vibaya.

Duka langu liko mjini Sumbawanga. Nauza ndoo, mabeseni, sufuria, misumari na kamba. Baba yangu aliuza hivyo hivyo, na babu kabla yake aliuza chumvi na khanga, kwa hiyo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushika udongo isipokuwa siku ya kuzika. Ila kwa miaka kadhaa nilikuwa nakwenda Laela wakati wa mavuno, nanunua mahindi, nayaweka, nayauza bei ikipanda. Siku moja nimekaa juu ya magunia nikapiga hesabu. Gharama za dalali nazijua, za mwenye lori nazijua, zangu nazijua mpaka zinaniuma. Za mkulima sikuzijua. Nikarudia hesabu, bado sikuziona. Nikaamua kwamba hazipo.

Katika hali hiyo ya ujuzi ndipo akaja dukani mama mmoja mjane wa Pito, mteja wangu wa siku nyingi. Kila mwaka hununua ndoo moja, na kila mwaka hunishusha bei mpaka nahisi ndoo nimempa kama zawadi. Siku hiyo hakugusa ndoo. Aliketi kwenye kreti la soda akasema, "Mwanangu, nina ekari tatu. Njoo ulime."

"Bei gani, mama?"

"Magunia matatu ukishavuna. Usipovuna, hunidai, sikudai."

Mtu wangu huyu, ambaye kwenye ndoo ya elfu saba hubishana nusu saa, alikuwa ananipa ardhi bila fedha mkononi. Nilimwambia aseme na upande wa pili wa habari.

Akausema. Mumewe alikuwa amefariki, na shamba limelala misimu miwili kwa sababu hakuwa na nguvu wala fedha ya kulilima. Kaka wa marehemu, anayeishi Laela, alikuwa ametuma ujumbe: shamba likilala msimu wa tatu, ukoo utalichukua. Angekuja mwenyewe kuliona, Alhamisi ya wiki ya pili baada ya mvua za kwanza.

"Akikuta limelimwa lote, hana neno," mama alisema. "Akikuta nusu, atasema hiyo nusu ndiyo inayonitosha. Na akijua nimekodisha kwa mtu wa mjini, atasema kumbe hata wao wanaweza kukodisha. Kwa hiyo wewe utalima, lakini hutaonekana."

Nilikubali. Kutoonekana ni kazi ninayoiweza, nimefanya biashara na watu wa ushuru miaka mingi.

Likabaki swali la vifaa. Ng'ombe wawili wa kulimia pamoja na plau yao, yaani lile jembe la chuma linalokokotwa, ni fedha ya kuezeka nyumba. Mke wangu alikuwa na msimamo kabla sijamaliza kusema.

"Baba watoto, kodi."

"Ukikodi fedha inakwenda hairudi. Ukinunua ng'ombe, msimu ukiisha unawauza mnadani, tena wamenenepa."

"Watanenepea wapi? Uani kwangu?"

"Nasema tu kihesabu."

"Kihesabu, anayejifunza kuogelea hanunui ziwa. Kodi."

Nikaenda Kasense kwa mzee mmoja aliyesifika kwa ng'ombe wake. Nilimkuta anapaka mafuta minyororo. Shikamoo, marahaba, karibu, mvua inaonekana ni nzuri, ndiyo inaonekana. Uso wake haukuwa na maandishi yoyote. Kwenye biashara uso kama ule ni mtaji.

"Ekari ni elfu sitini," alisema. "Tatu ni laki na themanini."

Sasa, mimi nilikuwa nimejiandaa. Siku mbili kabla nilisimama kando ya shamba la mtu kule Pito, simu mkononi, nikipima muda. Jozi moja ya ng'ombe ilimaliza nusu ekari kwa saa nne. Kwa hiyo saa nane ni ekari moja, siku tatu ni ekari tatu, na siku ya nne ni akiba ya kona na visiki. Nilihesabu mara mbili, mara ya pili nikianzia mwisho.

"Mzee," nikamwambia, "mimi sikodi kwa ekari. Nakodi kwa siku. Elfu arobaini kwa siku, siku nne."

Laki na sitini. Nilikuwa nimeokoa elfu ishirini kabla hajafunga mdomo, ila mdomo hakuufungua. Aliendelea kupaka mafuta.

"Siku nne," alisema.

"Siku nne mfululizo. Sitaki kesho uniambie ng'ombe wamekwenda kwa mtu mwingine."

"Mfululizo," alisema. "Sawa."

Mtu aliyekulia sokoni anajua kwamba bei ikikubaliwa haraka, aliyeitaja ndiye aliyekosea. Najua hilo tangu nikiwa na miaka tisa. Na bado nilitoa daftari, nikaandika mkataba, nikapigia mstari neno mfululizo, tukatia sahihi, nikalipa. Kuanzia Alhamisi.

Alhamisi nilifungua duka kwanza, nikamwachia mke wangu, nikafika Pito saa nne kasoro. Nilikuta mistari imenyooka mpaka inatia aibu, na mzee anawafungua ng'ombe nira.

"Wamepumzika?" nikauliza.

"Wamemaliza."

"Wamemaliza nini?"

"Siku."

Nilitazama jua. Lilikuwa bado halijafika hata utosini. "Mzee, siku ina saa kumi na mbili."

"Ya mtu," alisema. "Ng'ombe wa plau anaamka kabla ya jua, analima mpaka jua linapoanza kumchoma mgongo. Baada ya hapo anakula. Asipokula, kesho huna ng'ombe, una nyama. Uliza mtu yeyote hapa Pito siku ya ng'ombe inaisha saa ngapi."

Nilimtazama mama mjane. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shamba akichambua mbegu, na hakuinua kichwa. "Saa nne," alisema. "Kila mtoto anajua. Kwani wewe uliandikishana naye kwa siku?"

"Kwa siku."

"Kwa ubishi wote ule unaonifanyia kwenye ndoo!"

Ijumaa hivyo hivyo, saa nne nira chini. Jumamosi alikata kisiki kilichojificha chini ya udongo, au kisiki kilimkata yeye: chuma cha plau kinachochana udongo kilipasuka vipande viwili, ila siku ilikuwa imebakiza dakika chache tu. Akamalizia kwa kukusanya minyororo. Ekari moja na nusu ilikuwa imelimwa.

"Basi kesho utatengeneza, uje tumalizie siku ya nne," nikasema.

"Kesho Jumapili."

"Najua."

"Ng'ombe wangu hawafanyi kazi Jumapili."

"Mzee, ng'ombe nao wana dini?"

"Wana mwenyewe mwenye dini."

"Lakini nimelipa siku nne!"

"Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili," alihesabu kwa vidole vilevile vilivyotia sahihi. "Mfululizo. Neno lako, na ulilipigia mstari. Mimi ningependekeza kuruka Jumapili, lakini nilikuona umesoma."

Nilihesabu. Laki na sitini kwa ekari moja na nusu. Nikarudia, nikitumaini mara ya pili itakuwa na huruma. Haikuwa nayo. Na nusu ya shamba ilikuwa bado imefunikwa na nyasi, nusu ileile ambayo shemeji wa Laela angesema haimhusu mama. Mama hakunilaumu. Alisimama tu pale ulimaji ulipoishia, akaangalia zile nyasi, akasema, "Marehemu alikuwa anaanzia upande huu." Afadhali angenitukana.

Hasira ikinishika huwa nanunua kitu. Jumamosi ileile alasiri nilikwenda kwa mfanyabiashara mwenzangu anayeuza zana za kilimo. Alikuwa na plau mpya, nyekundu, inang'aa kama meno ya mgombea. Tulianzia laki tatu na nusu tukashuka ngazi moja moja hadi laki mbili na sabini. Ilikuwa bei nzuri. Nilikuwa nimekwishalipa na kuifunga juu ya pikipiki ndipo kijana wa bodaboda akauliza swali ambalo mimi mzoefu wa masoko sikujiuliza.

"Bosi, ng'ombe wake wako wapi?"

"Wanakuja."

"Wanatoka wapi?"

"Endesha."

"Poa. Nauliza tu, maana hii yenyewe haina injini."

Nilimpigia simu mke wangu nikiwa nyuma ya ile plau, nimeikumbatia kama mgonjwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo ulipokodi ulikodi kama mnunuzi, ukabishania bei tu, na uliponunua umenunua nusu." Akakata. Nilitaka kumpigia tena nimweleze kuhusu ile laki mbili na sabini, lakini barabara ya Pito haikuruhusu.

Jumapili, baada ya misa, mzee wa Kasense alipita kwa mama akiwa na koti lake jeusi na kofia. Nadhani alikuja kusalimia, au kutazama matokeo ya kazi yake kama mpishi anavyochungulia sahani za wageni. Aliiona plau imeegemezwa ukutani, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa.

"Ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Aliizunguka. Akaigonga kwa kidole. "Ina rangi," alisema. "Plau ikiwa na rangi, bado ni ya dukani." Kisha nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye uso ule: alimeza mate. Chuma kipya cha plau yake hakikupatikana mjini. Msimu ndio huu, wateja wanamsubiri, na ng'ombe wake tangu jana walikuwa wanatafuna majani bila faida.

"Unaikodisha?" aliuliza.

Wallahi, katika maisha yangu ya biashara sijawahi kusikia swali tamu kama lile. Nilijifanya sikusikia ili alirudie.

Alilirudia.

"Inategemea," nikasema. "Nina ekari moja na nusu, zinatakiwa ziwe zimelimwa kabla ya Alhamisi. Nipe ng'ombe Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kuanzia hapo plau ni yako mpaka chuma chako kipatikane. Hakuna fedha."

"Ng'ombe nakupa. Mimi mwenyewe kushika plau ni elfu kumi na tano kila asubuhi."

"Kwani wewe humo?"

"Umesema ng'ombe. Hukunisema mimi."

Elfu arobaini na tano. Kabla sijafikiri, ulimi wangu, uliozoea kukataa bei ya kwanza kwa kila mtu, ulikuwa umeshakataa. "Nitashika mwenyewe."

Mama mjane aliacha kumimina chai. "Utashika nini?"

"Plau, mama."

"Mwanangu, umewahi kushika hata toroli?"

"Nimeuza matoroli."

Mzee alivaa kofia yake. "Kesho nitakuja kukaa," alisema. "Kwa ajili ya ng'ombe, si kwa ajili yako. Kukaa silipishi."

Jumatatu alfajiri nilijifunza gharama za mkulima, zile ambazo sikuziona nikiwa juu ya magunia. Zinaanzia kwenye viganja. Plau ukiishika kwa nguvu inaruka, ukiilegeza inazama, na ukifikiria jambo lolote lingine inakwenda kulala ubavuni. Mama alishika kamba mbele ya ng'ombe, akiwaongoza na kuwasemesha Kifipa kwa upole ambao dukani kwangu haujawahi kufika. Mimi nyuma nilikuwa naning'inia kwenye mishikio kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Mzee alikaa juu ya kichuguu na fimbo yake mapajani.

"Tazama mbele!" alipaza sauti.

Nikatazama mbele. Plau ikatoka nje ya udongo.

"Tazama chini!"

Nikatazama chini. Tukaenda moja kwa moja hadi kwenye kichuguu chake, akalazimika kuinua miguu.

"Mzee, naomba unyooshe maelezo."

"Maelezo yamenyooka. Angalia mstari wako ndio uone kilichopinda."

Ng'ombe wa kulia, yule mwenye pembe iliyokatika, alikuwa akifika mwisho wa mstari anageuza shingo kunitazama. Si kwa uadui. Alinitazama kama mteja anavyotazama sufuria yenye tundu: kwa kushangaa kwamba ipo sokoni. Mama aliishiwa pumzi mara mbili, si kwa kazi, kwa kucheka. Alisema tangu mumewe azikwe hajacheka akiwa kwenye shamba hilo.

Jumanne mzee hakuja kukaa. Alisema ng'ombe wamekwishanizoea, na yeye moyo wake hauna nguvu ya kutazama tena. Jumatano tulilima asubuhi, na jioni jua lilipopoa tukaomba ruhusa ya saa moja zaidi kumalizia kona ya mwisho. Mzee, aliyekuja kuwachukua ng'ombe wake, akairuhusu bila kulipisha. Kisha akaichukua plau yangu, iliyokuwa imebakiza rangi kidogo chini ya mishikio, akaifunga kwenye nira na kuondoka nayo.

Kwa mama nikaomba kitu kimoja. Plau ibaki kwake usiku huo, ichukuliwe Alhamisi mchana. Mzee alikuwa ameshafika barabarani. Mama alimwita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Kasense, na mzee akairudisha bila kutaja bei. Kuna watu bei yao haibishaniwi.

Alhamisi, shemeji wa Laela aliteremka kwenye bodaboda saa tatu asubuhi. Mtu mrefu, buti safi, na kijitabu mfuko wa shati. Mimi nilikuwa uani, mtu wa duka, nimeshika ndoo mpya kama ushahidi.

Alisalimiana na mama, akakataa kiti, akaenda shambani. Tulimfuata. Alianzia upande ulionyooka, akatembea na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huu ni mkono wa mzee wa Kasense."

"Nilimkodi," mama alisema.

"Vizuri." Akaendelea mpaka katikati, akasimama ghafla kama aliyefika mtoni. Mbele yake mistari yangu ilikuwa inaondoka vizuri tu, inafika karibu na kichuguu, inasita, inakizunguka, inapotea njia, kisha inarudi nyumbani kwa kupitia mahali pengine.

"Na huku?"

"Huku fedha iliisha. Tumelima wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Plau ile pale."

Shemeji aliitazama plau. Kisha akaitazama mikono ya mama, iliyochunwa na kamba siku tatu, na malengelenge mengine yalikuwa bado mabichi. Mimi ya kwangu niliificha nyuma ya ndoo.

"Shemeji," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "kwa umri huo?"

"Nyasi haziulizi umri."

"Na huyu?"

"Mtu wa duka. Ameleta ndoo."

Niliinua ndoo. Shemeji akanigeukia kama shahidi asiye na upande. "Wewe mtu wa duka, umeuona ulimaji huu?"

"Nimeuona, mzee."

"Umeonaje?"

Hapo nilijaribiwa. Mstari wa nne kutoka njiani ulikuwa umenyooka hatua ishirini nzima, niliuhesabu mara mbili, na hakuna aliyekuwa ameutaja. "Kwa anayeanza," nikasema, "si mbaya sana."

"Ni mbaya sana," alisema shemeji. "Marehemu kaka yangu angeliona hili angelia." Shemeji alivua kofia, akaifuta, akaivaa tena. Nilimwona anawaza. Mjane wa kaka yake, mvi kichwani, ananing'inia nyuma ya ng'ombe mbele ya Pito nzima, na wao ndugu wa mume wako Laela wananunua nafaka kwa lori. Watu wangesema nini? Wangekuwa wameshaanza.

Alitoa kijitabu, akatazama ukurasa mtupu, akakirudisha mfukoni.

"Nitawaambia wenzangu shamba linalimwa lote," alisema hatimaye. "Sitawaambia linalimwaje."

Alikunywa uji, akamwachia mama noti mbili za mbegu ambazo hakuna aliyemwomba, akapanda bodaboda. Tulisimama kumtazama mpaka vumbi likatulia. Ndipo nilipochukua jembe la mkono nikaanza kuelekea kule kwenye kichuguu, angalau ninyooshe ile mistari mitatu mibaya zaidi kabla ya kupanda.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Kurekebisha, mama. Watu wanapita hapa."

"Acha ilivyo. Nataka waione." Alininyang'anya jembe, akaliegemeza begani mwake. "Na mwakani, mwanangu, usijifunze sana."